Kware Wenye Uzi Mwekundu

Siku nilipofika kijijini na kware ishirini na wanne ndani ya kikapu cha kuchumia kahawa, mwenyekiti wetu, Ta Buberwa, alifunua kitambaa akachungulia. Akanitazama mimi, kisha akachungulia tena.

"Bibi Mifugo," akasema, "umekaa chuoni miaka miwili kwa kodi yetu, halafu unatuletea panya wenye mabawa?"

"Panya ana nyama zaidi," akasema mtu nyuma yake, na watu wote waliokuwa pale gulioni Nshamba wakacheka.

Nilijaribu kucheka nao. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na tangu utoto wangu kule kwetu Kanazi nimekuwa mtu wa kujibu maneno ya watu kesho yake, nikiwa peke yangu, nikimenya ndizi. Siku hiyo nilifunika kikapu, nikakipandisha kichwani, nikaenda.

Hao kware nilipewa na Bruda Ildefons, mzee wa misheni aliyeletewa mayai yao kutoka ng'ambo, akayaatamisha mwenyewe nyuma ya karakana yake ya useremala. Macho yalikuwa yamemwishia na wakubwa wake walikuwa wanamrudisha kwao. Alinipa ndege, akanipa na mizani yake ndogo ya kupimia barua.

"Wengine sina," aliniambia. "Na mtu mwingine mwenye ndege hawa simjui, mkoa wote wa Ziwa Magharibi. Kila kizazi wapime. Kula wadogo, tunza wakubwa. Ni hilo tu, Alistidia. Kulisema ni rahisi."

Mwaka uliofuata tulisikia amefariki huko kwao.

Nilipangiwa nyumba kwa Ma Benadetha, mjane wa Kikatoliki aliyeishi mwisho wa kijiji, pale vibanja, mashamba yetu ya migomba, vinapoishia na rweya, ile mbuga ya majani matupu, inapoanza. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya bonde, na aliniita Mlutheri wake. Mwaka mmoja kabla sijafika alikuwa amemzika mjukuu wake, Kokuhirwa. Mtoto alivimba miguu, nywele zikawa nyekundu na laini kama ndevu za mahindi, akafa huku akishiba ndizi kila siku. Watoto wa namna hiyo walikuwa wengi. Ndizi hazikupungua, kilichokosekana ni kitu cha kuwekwa kando ya ndizi.

Kwa hiyo nilijua ninachotaka. Kware hahitaji shamba. Akifikisha wiki saba anaanza kutaga, na anataga karibu kila siku. Lakini ukimtia chunguni kware mmoja wa Bruda Ildefons, unapata harufu na mifupa. Nilitaka kware ambaye peke yake ataijaza sahani ya mtoto mmoja. Sikumwambia mtu. Niliandika tu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: *sahani moja, ndege mmoja.*

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha na haikuwa na la kusimulia. Kware hawa wamesahau kuatamia, kwa hiyo mayai niliyaweka chini ya kuku mdogo mweusi wa Ma Benadetha, kumi na mawili kwa mara moja. Siku ya kumi na saba au ya kumi na nane vifaranga wanatoka, wadogo kama nyuki wakubwa, wanakimbia kabla hawajakauka. Niliwalisha mchwa, mahindi ya kusagwa na dagaa wa kutwanga. Wakikua, ninawapima mmoja mmoja. Walio wazito nawafunga uzi mwekundu mguuni na kuwaweka kizimba cha juu, ndio wawe wazazi. Waliobaki wanakwenda kwa akina mama wenye watoto wagonjwa. Nyuzi nilizifumua kwenye sweta yangu ya chuo, kuanzia mkono wa kushoto.

Kizimba cha chini niliwaacha wazao wa wale wa kwanza bila kuwachagua. Chuoni walitufundisha kuweka kundi la namna hiyo, ili mtu aone ametoka wapi. Hao ndio waliokuwa wakitupa mayai ya kula.

Ma Benadetha alikuwa wa kwanza kula. Akina mama wa umri wake hawakula kuku wala yai. Ndivyo walivyolelewa, wakaolewa, wakazeeka. Alilishika lile yai la madoadoa kwa vidole viwili.

"Huyu aliyelitaga ni kuku?"

"Siyo kuku, Ma."

"Una hakika? Umelisomea jambo hili?"

"Nimelisomea."

Akafanya ishara ya msalaba, akalimeza zima. Akasikiliza tumbo kwanza.

"Basi wanaume walichelewa," akasema. "Wangekijua, na hiki wangetukataza."

Tangu siku hiyo alifagia vizimba, akabadilisha maji, akachimba mchwa. Lakini kazi yangu hasa hakuielewa, na kosa ni langu. Kueleza kwamba ukubwa wanautoa kwa wazazi, ingenibidi nieleze jogoo yupi namwingiza kwa tetea gani na kwa nini. Nitayasemaje mambo ya kupandana mbele ya mama wa umri wa mama yangu? Aliponiuliza habari za uzi mwekundu nilitazama chini nikasema, "Hawa wanatunzwa, Ma." Akaitikia kwa kichwa. Yeye aliamini ni dagaa zinazowakuza, dagaa na mkono wangu. "Una mkono wa kukuza," alikuwa akiwaambia majirani. Nami nilinyamaza, kwa sababu kusifiwa pia kulinitia aibu.

Miaka mitatu ilipita namna hiyo. Wale wa kwanza walikuwa na gramu mia moja na kumi na nane kwa wastani. Kizazi cha tisa, mwanzoni mwa mwaka 1975, kilikuwa na matetea kumi na majogoo wanne kizimba cha juu, na tetea mmoja alipima gramu mia mbili thelathini na moja. Nilimpima mara tatu. Chuoni walitukataza kuwapa ndege majina, lakini Ma Benadetha hakupita chuo chochote. Alimwita Mugole, bibi harusi, kwa sababu alitembea taratibu na hakutaka kuguswa. Chini ya kuku mweusi kulikuwa na mayai kumi na mawili ya kizazi cha kumi.

Ndipo ilipokuja habari ya wageni.

Kijiji chetu kilikuwa kimeandikishwa kuwa cha ujamaa, na msafara kutoka mkoani ulikuwa unapita kuangalia miradi. Kamati iliketi darasani, wazee kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu.

"Wanafika Alhamisi mchana," akasema Ta Buberwa. "Watu kumi na wawili, ukiacha madereva. Wameusikia mradi wa kware. Wale panya wetu." Watu wakacheka, lakini safari hii kwa kujivuna. "Bibi Mifugo, watatosha?"

"Watatosha, mwenyekiti."

"Vizuri. Ma Benadetha ataongoza jiko."

Ta Rugambwa, mzee wa baraza, akainua fimbo yake. "Mimi nasema moja tu. Mgeni apewe kilicho bora. Isije ikasemwa kwamba tulificha."

"Eee, waitu," wakaitikia wote kwa heshima.

Nilinyanyuka. Nilikuwa na sentensi kamili kichwani: *Tafadhali, wachukuliwe wa kizimba cha chini, wale wadogo wasio na uzi.* Ni maneno machache. Lakini niliwatazama wale wazee waliovaa makoti yao ya kanisani kwa ajili ya kikao, watu ambao mgeni akibisha hodi wanamletea kwanza kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo kilichosukwa vizuri kuliko kitu kingine chochote nyumbani. Niliona jinsi itakavyosikika. Msichana wa Kanazi anasema wageni wapewe wadogo, wakubwa tubaki nao sisi.

"Ulitaka kusema, mwanangu?" akauliza Ta Buberwa.

"Hapana, mwenyekiti. Nilitaka kushukuru."

Wakanipigia makofi.

Nitamwambia Ma Benadetha nyumbani, nilijiambia. Kwake ni rahisi. Lakini jioni ile nyumba ilijaa wanawake waliokuja kugawana kazi za jiko, na niliona aibu kumwita pembeni. Jumatano mvua ilipumzika, lori la kahawa likaweza kushuka Muleba, nami nilikuwa nimeishiwa dagaa. Nisingeenda siku hiyo, vifaranga wangekaa wiki nzima bila. Ningelala Muleba na kurudi na lori hilohilo Alhamisi. Alfajiri Ma alikuwa misani. Dereva alipiga honi. Nilisimama mbele ya kizimba cha juu nikiwa na kipande cha karatasi, kwa kuwa Ma alikuwa ameanza kusoma katika darasa la watu wazima, nikaandika, *Ma, wenye uzi wasiguswe.* Nikayasoma. Nikaona ni kama ninampa amri mama wa watu nyumbani kwake. Uzi wenyewe unatosha, nikafikiri. Miaka mitatu hatujamla hata mmoja mwenye uzi. Nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni.

Alhamisi lori lilikwama matopeni mara mbili. Nilifika saa tisa mchana, na nikiwa bado nashuka bonde nilisikia ngoma na nikanusa mchuzi. Magari mawili ya serikali yalikuwa yameegeshwa mbele ya shule. Nilipita nyuma, kwenye majiko.

Ma Benadetha aliniona. Uso wake ulikuwa umeng'aa kwa jasho na furaha. Alijifuta mikono, akachukua kitu kwenye pindo la nguo yake, akaniwekea kiganjani, akanifunga vidole juu yake.

"Nimekutunzia," akasema. "Sikutupa hata mmoja. Nimezifua."

Zilikuwa nyuzi zangu. Kumi na nne. Alizifua kwa sabuni, bado zilikuwa na unyevu.

Sikumbuki nilisema nini. Nadhani nilisema, "Wote, Ma?"

"Wote! Walitosha barabara, kila mgeni na ndege wake, na wawili wakabaki wa mwenyekiti na Ta Rugambwa. Mugole nimempa mkuu wa msafara. Ungemwona alivyomtazama! Aliuliza kama ni kanga." Akashusha sauti, akaninong'oneza kwa upendo ambao hadi leo unanichoma. "Mwana wange, kwenu walikufunda. Miaka mitatu unawatenga, hata mimi unaninyima, nami nilikuwa najiuliza unamngoja nani. Kumbe ulikuwa unajua kwamba siku moja watakuja wageni."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilipaswa kuelewa miaka mitatu nyuma. Kwenye kibanja, mkungu uliotengwa kwa ajili ya ugeni hufungwa kamba ya mgomba shinani, ili mtu wa nyumbani asiukate kwa chakula cha kila siku. Nimeifunga kamba hiyo mimi mwenyewe, nikiwa mtoto, baba akinionyesha mkungu. Kitu kizuri kuliko vyote, kimetiwa alama, hakiliwi na wenyeji. Kuna mtu gani katika nchi yetu asiyejua ni cha nani?

"Na madereva?" niliuliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo.

"Ah, madereva nilitaka kuaibika. Nikamchinja kuku wangu mweusi. Usijali, mayai nimeyaweka kikapuni kwa majani makavu. Nitakuazimia kuku wa jirani."

"Saa ngapi, Ma?"

"Asubuhi. Kabla jua halijachomoza."

Ta Buberwa alikuwa ameshaniona. Akaja akanishika mkono kama mwali, akanipeleka mbele ya wageni. Mkuu wa msafara, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alisimama kabisa kunipa mkono. Alisema ndugu huyu ni mfano. Alisema wataalamu wengine wanakaa ofisini, huyu ameingia matopeni, tazameni viatu vyake. Makofi. Mbele yake, kwenye sahani ya bati ya bluu, kulikuwa na mifupa ya ndege mmoja. Ilijaza sahani.

"Mpeni na yeye ale," akasema. "Mkulima asile jasho lake?"

Ta Rugambwa akanisogezea nusu ya ndege wake, aliyokuwa bado hajaigusa. Watu wote walikuwa wananitazama. Nilikula. Nyama ilikuwa nyingi na laini, na ndizi zikaonekana ndogo kando yake. Ilikuwa ndiyo ile sahani niliyoiandika kwenye ukurasa wa kwanza. Nilikula mpaka mwisho nikasema asante, waitu.

Jioni ile niliyachukua yale mayai kumi na mawili. Yalikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Mayai hayo yalikuwa katika siku ya kumi na moja. Niliuliza nyumba kumi na moja. Hakukuwa na kuku aliyekuwa anataka kuatamia. Basi nikayafunga katika kitambaa cha flaneli, nikayafunga tumboni chini ya nguo, juu yake nikavaa ile sweta iliyobaki na mkono mmoja. Nililala nimekaa, nimeegemea ukuta. Niliyageuza asubuhi, mchana na jioni. Niliteka maji kwa ndoo ndogo ili nisiiname sana.

"Bibi Mifugo ana mimba ya kware," wanawake walisema kisimani.

"Baba yake nani?"

"Mkuu wa msafara!"

Walicheka, na mmoja wao akanibebea ndoo mpaka nyumbani.

Siku ya kumi na nane ikapita. Niliyaweka sikioni moja moja; kifaranga akikaribia kutoka unamsikia akigonga. Siku ya kumi na tisa nikajiambia kwamba ule ubaridi umewachelewesha. Siku ya ishirini na moja niliyaweka kwenye ungo uani, nikachukua kisu kidogo. Ma Benadetha alikuja akachuchumaa karibu nami.

Nililipasua la kwanza. Kifaranga alikuwemo, ameumbika macho na kucha, manyoya yameanza mgongoni. Nimesomea. Najua wa siku ya kumi na moja anafananaje. La pili, vilevile. La tatu. Niliyapasua yote kumi na mawili, na wote walikuwa wa umri mmoja, wamesimama kukua asubuhi ileile. Siku kumi nilikuwa nimebeba maiti tumboni.

Ma Benadetha alitazama kwa muda mrefu.

"Basi utawakuza wengine," akasema. "Wale wa kizimba cha chini. Mkono wako unakuza."

"Siyo mkono, Ma."

Na ndipo, nikiwa na maganda magotini, nilipomweleza. Nilimweleza yote, jogoo na tetea, baba na mtoto, kizazi kwa kizazi, kwamba ukubwa ulikuwa ndani ya wale kumi na wanne na haukuwa mahali pengine popote duniani ninapoweza kufika. Kumbe maneno yenyewe hayakuwa mengi wala machafu. Yalichukua muda wa kumenya ndizi za watu wawili.

Akauliza polepole, "Wale wenye uzi hawakuwa wa wageni?"

"Hapana, Ma."

"Walikuwa wa watoto."

"Ndiyo, Ma."

Aliangalia mikono yake, mmoja, halafu mwingine. Nilijua ni nani anayemfikiria, aliyelala chini ya migomba nyuma ya nyumba.

"Neno moja," akasema. "Nilikuwa hapa. Nililala chumba cha pili. Ningewachinjia kuku wote wa kijiji hiki, ningewachinjia mbuzi. Ulishindwaje neno moja, mwana wange?"

Kile kikaratasi kilikuwa bado mfukoni mwa gauni langu jingine, na sikumwambia.

Hakunigombeza. Aliendelea kunipikia, na chakula changu kilikuwa kizuri kama zamani. Lakini hakukanyaga tena kwenye vizimba, na hakuniita tena Mlutheri wake.

Niliwapima wa kizimba cha chini. Aliye mkubwa alikuwa na gramu mia moja na thelathini. Ningeweza kuanza upya. Hesabu yake ninaijua, miaka mitatu mingine, kama sitahamishwa, kama ukoo wenyewe haujachoka, maana mayai yao mengi yalikuwa yameanza kuoza bila kuanguliwa. Nilizitoa zile nyuzi kumi na nne nikazirudisha kwenye kopo langu la nyuzi. Sikumfunga ndege yeyote.

Mwezi wa tano barua ilifika kutoka kwa mkuu wa msafara. Ta Buberwa aliisoma mbele ya mkutano wa kijiji kizima, palepale darasani, kwa sauti ya kusomea Injili. Walikishukuru kijiji kwa ukarimu wake. Waliomba kwamba kufikia Saba Saba ya mwaka ujao tuwe na kware mia tano, *wa ukubwa uleule tuliouonja*, ili wagawiwe vijiji vingine vya wilaya.

"Mia tano!" akasema Ta Buberwa akikunja barua. "Bibi Mifugo, waambie watu. Watapatikana?"

Nilisimama. Nyuma kabisa, karibu na mlango, Ma Benadetha alikuwa amekaa na mikono mapajani. Alinitazama moja kwa moja, kama mtu anayemsubiri mtoto atamke herufi ya kwanza. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na sentensi kamili.

Wakaanza kupiga makofi. Ta Rugambwa alianza, akigonga fimbo yake sakafuni, kisha darasa zima, watoto madirishani, watu wakicheka kwa furaha na kuniambia ahsante.

Nilisubiri yaishe. Yalipoisha niliinamisha kichwa, nikakaa.

Ma Benadetha akainuka, akajifunga nguo yake vizuri, akatoka nje.